Siku Uwanja Ulipojaa kwa Metodi

Mjini Brezovets hakuna mtu anayekunyima kitu usoni pako. Watakukaribisha ndani, watakumiminia rakia, pombe yao kali ya matunda, hata kama ni saa tatu asubuhi, watakukatia jibini, watakusikiliza mpaka mwisho, watakuambia wazo lako ni zuri ajabu, na wakishafunga mlango wamekusahau. Tsonka alizaliwa hapo na tabia hiyo aliijua kama anavyozijua ngazi za nyumba yake. Hata hivyo, vuli ile alijikuta anatembea nyumba hadi nyumba na kuwaamini.

Hakuwa anaomba pesa. Pesa hazikuwepo, na hakuna aliyejidanganya kwamba zingekuja. Ognyan, mpwa wake, alikuwa ameweka ombi la mchango wa filamu yao kwenye mtandao, watu wa mbali wakalitazama wakapita zao. Kamera ilikuwa ya kuazima. Taa zilitoka jumba la utamaduni, na waigizaji walikuwa wale wale wa kikundi ambacho Tsonka amekiendesha humo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alichokosa ni watu. Waje uwanjani adhuhuri moja tu, wamevaa nguo nyeusi, wasimame mbele ya bomba la maji, walie kidogo, waende zao wakale.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, na hapo ndipo penye shida. Kuna meya ambaye kila uchaguzi ukikaribia anazindua bomba la maji la uwanjani, lile lile moja, la mawe ya kuchongwa. Gari la zimamoto linafichwa nyuma ya posta, mpira wa maji unapitishwa chini ya majani makavu, meya anakata utepe, maji yanaruka, bendi inapiga, na kabla wageni hawajamaliza keki bomba limekauka. Mwishoni meya anateleza kwenye kipande pekee chenye unyevu katika mji mzima, anakufa, na mji wote unakuja kumzika. Wakiwa katikati ya kilio, bomba linatoa maji lenyewe. Marehemu akisikia maji anashindwa kujizuia: anaketi ndani ya jeneza na kutoa mkasi.

Brezovets ina bomba kama hilo. Meya pia inaye.

Mwigizaji wa meya alikuwa Metodi, kaka mkubwa wa Tsonka na baba yake Ognyan. Alichomelea vyuma katika kiwanda cha pampu mpaka kilipofungwa, kisha akawekwa mlinzi wa kiwanda hicho hicho kikiwa kitupu, na jioni zote za maisha yake alizimaliza jukwaani. Alikuwa na uso mrefu wa huzuni uliowafanya watu waanze kucheka kabla hajafungua mdomo. Sasa mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Hospitali ya mkoa ilimrudisha nyumbani mwishoni mwa kiangazi, na daktari alimpa mkono kwa upole sana, upole ule wa mtu asiye na dawa nyingine. Filamu ilikuwa imebakiza mazishi peke yake.

"Nijazie uwanja, Tsonka," Metodi alimwambia dada yake, akiwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. "Niwachekeshe wote kwa pamoja, mara moja tu. Baada ya hapo nakwenda zangu, sikusumbui tena."

Hakuomba kitu kingine. Ndiyo maana Tsonka alivaa viatu vya kutembelea akaanza kugonga milango.

Alianza na Varbina, jirani na rafiki yake tangu utoto. Alimkuta uani anachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa, mikono imekuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

"Tutakuja, kwa nini tusije?" Varbina alisema bila kuinua kichwa. "Kwa Metodi tena! Lakini hebu niambie, mwenzangu, huyo meya wenu wa kwenye filamu anafanana na nani?"

"Anafanana na Metodi."

"Usinifanyie mzaha. Unajua mke wa mwanangu yuko jikoni pale chekechea ya mji."

"Najua."

"Na kuni za msaada za msimu wa baridi bado hawajagawa."

"Najua, Varbina."

"Basi tutakuja. Tukijaliwa nafasi." Akamsukumia kiti. "Kaa, onja hii, niambie kama chumvi imekolea."

Haralampi wa duka la mikate alikuwa mkweli kidogo kuliko wengine. "Mikate nitawapa, ya bure, mizuri. Ila mimi mwenyewe nisionekane."

"Mikate haiwezi kulia, Haralampi."

"Ile ya juzi ingemliza mtu yeyote," alijibu, na wote wawili wakacheka, na kicheko hicho kikamaliza mazungumzo.

Jumapili waliyopanga walikuja watu sita. Wawili walikuwa wamelewa. Metodi alilala ndani ya jeneza walilolitengeneza kwa mbao za jukwaa, katika baridi, amevaa suti ya meya na uso umepakwa unga, akasubiri. Alipochoka kusubiri aliinua kichwa akatazama uwanja kutoka mwisho hadi mwisho.

"Hata Spas mchimba kaburi alipomzika mbwa wake walijaa kuliko hivi," alisema. Kisha kikohozi kikamshika, na ilibidi Ognyan na Tsonka wambebe mpaka kwenye gari. Njiani Tsonka hakuthubutu kumtazama.

Wazo la tanzia lilikuwa la Ognyan. Kijana alikuwa ameishi Sofia, mji mkuu, muda mrefu, lakini hakuwa amesahau kwao. Huku kwetu kila nguzo, kila lango, kila mlango wa duka umebandikwa tanzia: picha, mpaka mweusi, jina, saa. Mtu akifa anabandikwa, akitimiza arobaini anabandikwa, akitimiza mwaka anabandikwa tena, na kuta za mji zinatazama watu kwa nyuso za waliokwenda. Mazishini hakuna anayealikwa. Unasoma nguzo, unanunua maua, unakwenda. Aliyekukwepa miaka kumi ukiwa hai atakuja, na aliyekuibia kuku atakuja pia na kulia kwa sauti kuliko wote.

"Tunambandikia meya wa filamu, shangazi," Ognyan alisema. "Tunaiga kila kitu, 'Kwa majonzi makubwa tunawatangazia' na kadhalika. Watacheka, na wakishacheka watakuja."

Waliichapisha ikiwa na picha ya Metodi katika suti, macho chini, uso mrefu. Jina lilikuwa la meya wa kubuni, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, waliandika kwamba hii ni filamu na watu wote mnakaribishwa. Metodi alipoonyeshwa alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nimependeza! Nikifa kweli tumieni picha hii hii, msihangaike kutafuta nyingine."

Tsonka alibandika asubuhi, na gundi ya unga kwenye kopo. Kulipokuwa kumekucha vizuri vizee wawili walisimama mbele ya nguzo ya duka la mikate na kufanya ishara ya msalaba. Tsonka akadhani wanafanya utani. Mmoja akatoa kitambaa akafuta macho. Kwetu hakuna asomaye tanzia, na hilo yeye angepaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Watu hutazama picha, hutazama saa, basi. Jina la nini, na sura wanaijua?

Metodi alikuwa hajaonekana barabarani tangu atoke hospitali. Nani angeshangaa?

Kisha akamwona Varbina anakuja mbio, mikono bado myekundu ya pilipili, kilemba kimeshuka mabegani. Alimrukia akamkumbatia kwa mwili wake mkubwa.

"Metodi wetu! Jamani, Metodi wetu! Lini, Tsonka? Mbona hukuniita? Ningekusaidia hata kumwosha!"

Tsonka alifungua mdomo. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na alijua kabisa kwamba ni hapo. Lakini juu ya bega la Varbina aliwaona wanawake wanaulizana maua yanauzwa wapi, na Haralampi anageuza kile kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa. Akakumbuka ule uwanja wa watu sita. Akamkumbuka kaka yake anainua kichwa kutoka kwenye jeneza na kutafuta watu.

"Adhuhuri," alisema. "Pale kwenye bomba."

Hakusema hata neno moja la uongo, na kwa maneno hayo aliudanganya mji mzima. Varbina alimbusu mashavu yote mawili akaondoka kwenda kuchemsha ngano ya marehemu, ile inayogawiwa mazishini.

"Wameelewa?" Ognyan alimuuliza alipokuwa anafunga kamera kwenye miguu yake mitatu.

"Wameelewa," Tsonka alimjibu.

Adhuhuri uwanja ulijaa. Ulijaa mpaka kwenye ngazi za posta, mpaka chini ya miti, watu wakaning'inia hata kwenye uzio wa shule. Walikuja na maua mawili mawili, manne manne, kama inavyopasa kwa wafu, maana kwetu aliye hai hapewi maua yanayogawanyika kwa mbili. Walikuja na sahani za ngano iliyonyunyiziwa sukari. Walikuja wa vijiji vya jirani, na wale wa kiwandani ambao Tsonka alidhani wamekwisha kufa wenyewe. Hata meya alikuja, meya wa kweli, na shada kubwa kuliko la mtu yeyote, akasimama mahali pa heshima karibu na bomba lake. Kamera haikumshtua mtu. Siku hizi mazishi hupigwa picha kwa ajili ya watoto walioko Uhispania na Ujerumani.

Kwa kawaida watu hubusu paji la uso la maiti, lakini jeneza lilikuwa limewekwa juu ya ngazi za bomba, mbali na midomo yao. Walipita chini yake mmoja mmoja, wakaweka maua, wakanong'ona. Metodi alilala kimya. Pumzi alikuwa nayo kidogo tangu zamani, na siku ile alijua kuitumia.

"Kila siku nilisema nitakuja kukuona kesho," Varbina alimwambia, na Tsonka aliyesimama kichwani pa jeneza alisikia. "Kila siku, Metodi. Nisamehe. Niliogopa kukuona umekonda."

Tsonka aliona kope ya kaka yake inatetemeka. Alitaka kupiga kelele, simamisheni, mwacheni, nendeni nyumbani. Lakini Ognyan, asiyejua lolote, akiwa na furaha usoni kwa sababu hakuwahi kuona waigizaji wanaolia vizuri namna ile, alikuwa tayari ameinua mkono.

Mpira wa maji ukafunguliwa. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaruka meupe juani na kumlowesha meya viatu. Na Metodi, aliyeahidi kufanya jambo lake, akaketi ndani ya jeneza, akatoa mkasi mfukoni.

"Utepe uko wapi?" alisema.

Alitulia, akisubiri. Miaka arobaini alikuwa anakijua kicheko cha Brezovets: kinaanza na mtu mmoja nyuma, mara nyingi mlevi, kinapanda safu kwa safu mpaka kinamfikia usoni. Alisubiri kianze. Kizee mmoja alianguka akakaa chini na sahani yake ya ngano. Mwanamke alipiga yowe, mtoto akaanza kulia. Meya alivaa kofia yake, akaondoka na viatu vinavyolia maji, na hata hilo halikumchekesha mtu.

Metodi aliutazama uwanja uliojaa. Akainama akachukua fungu la maua lililokuwa karibu, akachomoa ua moja akalitupa.

"Haya, sasa si mawili, ni moja. Ni la mtu hai," alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Jamani, ni mimi. Chekeni basi."

Hawakucheka. Walianza kuondoka, kwanza wale wa pembeni. Haralampi alimtemea mate Ognyan miguuni. Varbina alipanda ngazi moja moja mpaka kwa Tsonka, akasimama mbele yake.

"Nilikukumbatia," alisema. "Nilikukumbatia, na wewe ukanyamaza."

Tsonka angeweza kusema hakujua. Hakusema.

Baada ya siku ile hakuna aliyegonga lango lao. Wanawake walivuka barabara wakimwona, na kwenye jumba la utamaduni walikuta kufuli jipya ambalo hakuna aliyejua ni nani kaliweka. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo, ndivyo watu wa kwetu wanavyoamini, na hakuna aliyetaka kuwa karibu kifo kikija kuitikia. Ognyan alirudi Sofia na picha zake. Alikuwa amekwisha kujua ukweli, na alimuaga shangazi yake bila kumtazama usoni.

Tsonka alihamia kwa kaka yake. Alimpikia supu ambazo hakunywa, akamgeuza, akamsugua mgongo. Alisubiri Metodi amlaumu. Kila siku alijiandaa, na lawama haikuja, jambo lililomuumiza zaidi.

"Walikuja lakini," Metodi alimwambia siku moja theluji ya kwanza ilipokuwa inaanguka. "Uliona walivyokuja?"

"Niliona, kaka."

"Niliwasikia wote. Haralampi aliniambia mimi ndiye niliyemchekesha siku ya kumzika mama yake. Eti hajanisamehe mpaka leo, na hajasahau." Alipumzika. "Mtu haambiwi maneno hayo, Tsonka. Mimi nimeambiwa. Halafu nikainuka nikayaharibu yote."

"Uliinuka kwa sababu yangu."

"Niliinuka kwa sababu nilitaka wacheke." Akafumba macho. "Nikienda kweli utanijazia tena?"

"Nitakujazia."

"Usiape."

"Nitakujazia," Tsonka alirudia, na aliposema hivyo alikuwa anaamini.

Metodi alikufa kabla ya Krismasi, mchana, akiwa anasikiliza taarifa ya hali ya hewa. Tsonka alimfumba macho, akamwosha mwenyewe, akafunga utepe mweusi langoni. Alitafuta picha nyumba nzima. Kulikuwa na Metodi amevaa nguo za mwanamke, Metodi amevaa ngozi ya dubu, Metodi na pua ya karatasi. Ya tai na suti ilikuwa moja tu. Akaitumia hiyo, kama marehemu alivyosema.

Alibandika zote mwenyewe, nguzo zile zile. Alipopita tena baadaye, kwenye nguzo ya duka la mikate mtu alikuwa ameandika kwa kalamu chini ya picha: Sehemu ya pili?

Kengele ya kanisa ililia. Lakini kengele ililia hata siku ile ya filamu. Ognyan alikuwa amemwomba mtunza kanisa.

Basi Tsonka akavaa tena viatu vyake vya kutembelea. Kwa Varbina mlango ulifunguliwa kidogo, upana wa uso.

"Metodi amefariki," Tsonka alisema. "Tunamzika kesho. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Varbina alimtazama juu mpaka chini. Tsonka alikuwa hajalia. Tangu pumzi ya mwisho ya kaka yake alikuwa mkavu kama gogo, hata yeye mwenyewe alikuwa anajishangaa.

"Ulitufundisha wewe," Varbina alisema. "Mimi nikiwa msichana, jukwaani pale. Usilie kwa macho, lia kwa tumbo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Leo unaniletea msiba wa kaka yako na hata macho hujayasumbua. Umezeeka, Tsonka. Hata kuigiza umesahau."

"Varbina, nakuapia..."

"Usimwapie mtu." Mlango ukafungwa, polepole, bila kubamizwa.

Haralampi alimsikiliza akiwa nyuma ya meza yake. Alikuwa amekunja uso, na kwa muda kidogo ilionekana kama anataka kuuliza kitu. Kisha akafunga mikate miwili kwenye karatasi akamsukumia.

"Chukua," alisema. "Mimi nibaki." Mara hii hakuna aliyecheka.

Nyumba nyingine hazikufungua kabisa. Moja walimfungulia wakamwambia salamu kwa meya wa filamu. Kufikia jioni Tsonka alikuwa amezunguka mji mzima, na miguu ilimuuma mpaka kwenye nyonga, na hakuwa na mtu hata mmoja.

Padri alikuja kutoka kijiji kingine, akasoma haraka kwa sababu barabara ilikuwa inaganda. Jeneza lilihitaji watu wanne. Walikuwepo Ognyan aliyefika na basi la asubuhi, Spas mchimba kaburi na dereva wa gari la maiti. Wa nne alikuwa Tsonka mwenyewe, aliyetia bega lake chini ya ubao na kugundua kwamba kaka yake amebaki mwepesi kuliko pilipili za Varbina.

Alimlazimisha dereva apitie uwanjani na asimame kwenye bomba. Theluji ilikuwa haijakanyagwa na mtu. Madirishani, pande zote nne, mapazia yalikuwa yanasogea. Watu walikuwa wanatazama, lakini hawakulitazama gari. Walitazama paa la posta, pembe za uwanja, nyuma ya miti. Ilimchukua Tsonka muda kuelewa kwamba wanatafuta kamera.

Aliteremka garini, akasimama katikati ya uwanja mtupu.

"Hakuna kamera!" aliita. Ilikuwa sauti yake ya jukwaani, ile inayofika safu ya mwisho bila kupaza. "Jamani, hakuna kamera!"

Mapazia yakafungwa moja baada ya jingine.

"Shangazi, twende," Ognyan alisema, akamshika mkono kama mtu anavyomshika mgonjwa.

Filamu haijakamilika, na sidhani kama itakamilika. Ognyan anasema kila akifika pale watu wanapolia anashindwa kukata, na wakati baba yake anapoketi na mkasi anazima mashine. Kabla ya kurudi Sofia alimwachia Tsonka kipande hicho kwenye simu yake, bila sauti. Tsonka alikitazama akiwa amesimama jikoni. Aliuona uwanja umejaa mpaka kwenye uzio wa shule, kofia mikononi, maua, sahani za ngano, Varbina ameinama. Machozi yalimjia hapo, kwa tumbo, na hayakutaka kuisha, na nyumbani hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuyaona.

Arobaini ilipotimia alichanganya gundi ya unga akatoka tena na kopo lake. Alikuwa kwenye nguzo ya duka la mikate, analainisha karatasi kwa kiganja, aliposikia hatua zinasimama nyuma yake. Ilikuwa Varbina, na mfuko wa mikate. Kwanza alitabasamu, lile tabasamu la kumwambia mtu kwamba hadanganyiki. Kisha akasogea karibu, na safari hii alivaa miwani akasoma, mstari kwa mstari, jina, miaka, na neno lile juu ya picha.

"Arobaini?" aliuliza.

"Arobaini."

Varbina aliweka mfuko chini kwenye theluji. Filamu hazina arobaini. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli."

"Na ulipokuja mlangoni kwangu..."

"Ndiyo."

Varbina aliitazama picha muda mrefu. Uso wake ulikuwa unahangaika, kama unatafuta kitu mahali kilipokuwa zamani. Alivua miwani, akafuta vioo ingawa havikuwa na kitu.

"Mimi nilishamlilia, Tsonka," alisema. "Siku ile. Yalikuwa ya kweli, yote. Mengine sina."

Akaokota mfuko wake akaenda. Tsonka alipaka gundi kwenye pembe iliyokuwa inabanduka, akaishikilia mpaka ikashika, kisha akachukua kopo akaelekea nguzo inayofuata.